MGB imelala Jinja, mlango wa dereva umebana juu na kuachia chini: ninunue au niachane nayo?

#1 Kijana_wa_Walukuba
Wakuu, salaam. Kuna mama mmoja mjane huku Jinja anauza gari la marehemu mumewe. MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya viti viwili, ya turubai, usukani kulia. Imelala kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba miaka mingi, na kuku wametagia kiti cha abiria. Anataka milioni 18 za Uganda na anasema hapunguzi. Kijana wake alinisindikiza hadi getini akaninong'oneza kwamba nikija na 14 taslimu mama atalegea.

Niliyoyaona: kibati cha chasisi kimeandikwa GHN3. Injini ina kibati cha 18V (hiyo ni aina ya injini, si volti), tena ina alteneta, si dainamo. Nje ni nyekundu, ukifunua boneti ni kijani. Injini imekwama, haizunguki. Sakafu upande wa dereva imepigwa kiraka cha bati, na aliyekichomelea utadhani alikuwa na basi la kuwahi. Rimu ni za spoki.

Kinachoninyima usingizi ni mlango wa dereva. Ukiufunga, mwanya wa upande wa kitasa umebana juu mpaka rangi imekwanguka, chini umeachia kidole kinapita. Mlango wa abiria hauna shida hiyo. Kwa nini upande mmoja tu? Hili ni gari la kufufuka kweli, au nitakuwa nimenunua msiba wa watu?

#2 Chuma_Chakavu
Kimbia.

#3 DadaGereji
Usimsikilize #2, huyo hata baiskeli anaipima kwa kilo.

Kaka, anza na bawaba. Fungua mlango nusu, shika chini ya kitasa, unyanyue. Ukicheza juu chini, pini za bawaba zimelika. Bawaba ya juu ikichoka mlango unainama, kona yake ya juu inasogea nyuma na kubana, chini panaachia. Ndicho ulichokieleza. Na mlango wa dereva hufunguliwa kila siku, wa abiria siku za harusi tu. Hapo ndipo "kwa nini upande mmoja" inapojibiwa.

#4 MzeeSpana
Dada yangu, bawaba ni ugonjwa mdogo na anaweza kuwa nao, lakini kwenye MGB ukiona mwanya umebana juu kwanza unashuku vizingiti, vile vya chini ya milango. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea, bodi ndiyo chasisi. Na kwa kuwa halina paa la chuma, kinachoshika mbele na nyuma visikunjane ni vizingiti viwili na handaki la gia boksi katikati. Kizingiti kikiliwa na kutu, gari linalegea kiunoni. Nguzo ya mbele ya mlango na ya nyuma zinaegemeana juu, mlango unabanwa.

Kizingiti chenyewe si bati moja. Kuna bati la nje unaloliona, la ndani linaloungana na sakafu, na katikati yake bati lililosimama kama ukuta. Wajanja huvisha bati jipya juu ya la nje lililooza, wanapiga puti na rangi, mnunuzi anasifu. Ndani ni unga wa kutu mtupu.

#5 Mtu_wa_Malaba
Si abadilishe chasisi tu? Land Rover ya mjomba tuliibadilisha hapa Tororo.

#6 MzeeSpana
Mtu wa Malaba, soma tena #4 mstari wa tatu, ssebo.

#7 Mtu_wa_Malaba
Nimesoma. Basi akae mbali nalo. Gari lisilo na chasisi ni kopo.

#8 Mwalimu_TR
Ndiyo maana siku zote nasema chukueni Triumph, gari jingine la Kiingereza. TR4 ina chasisi yake chini na bodi imefungwa kwa bolti juu. Unainua bodi, unashughulikia chuma, unarudisha. Spitfire vilevile. MGB inapendwa kwa sababu zilitengenezwa nyingi tu, zaidi ya laki tano kati ya 1962 na 1980.

#9 DadaGereji
Mwalimu, kuna TR4 inauzwa Jinja? Hakuna. Tunajadili iliyopo. Na hizo laki tano ndizo zinazofanya spea zake zipatikane hadi leo. Kule Uingereza British Motor Heritage wanatengeneza bodi mpya nzima ya MGB tangu 1988. Kabla hujalipa meli na ushuru, bei inapita pauni elfu kumi, kwa hiyo simshauri, lakini paneli moja moja, gasketi, bushi na breki zinaagizwa kama za Toyota.

#10 Afande_Mstaafu
Vijana, mmekimbilia mlango mkaacha jambo kubwa zaidi. Kibati cha GHN3 na injini ya 18V havikuzaliwa pamoja. GHN3 ni za mwanzo hadi 1967. Zilizofuata ni GHN4, halafu GHN5. 18V ilianza 1971. Tena GHN3 ilitoka kiwandani na dainamo, na waya chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Alteneta na ethi hasi vilikuja na toleo la pili mwishoni mwa 1967.

Sasa mkumbuke historia ya nchi hii. 1972 Waasia walipewa siku 90. Magari mazuri yalibaki, na walioyapata, wengi hawakujua hata plagi yanatumia ipi. Baadaye ukaja wakati wa magendo, spea hakuna, pesa za kigeni hakuna. Mafundi wa Jinja na Kampala walikuwa wanakata magari mawili na kupata moja. Nimeyaona kwa macho yangu kwenye karakana ya jeshi, na hayo yalikuwa magari ya serikali, sembuse ya raia. Mwenzenu anauziwa nusu ya gari la 1966 iliyounganishwa na nusu ya gari la 1972. Mlango utalingana vipi?

#11 Kijana_wa_Walukuba
Afande, umenitisha. Kiungio kitakuwa wapi?

#12 Afande_Mstaafu
Tazama chini, mbele ya viti, na kwenye handaki. Kung'uta puti. Chuma cha kiwandani kimeshikwa kwa nukta nukta za moto zilizopangana vizuri. Ukikuta mstari mrefu wa kuchomelea kwa mkono unaokatiza sakafu kutoka upande huu hadi ule, simama, rudi nyumbani.

#13 Pwani_Mtu
Afande heshima yako, lakini injini ya baadaye kwenye bodi ya mwanzo ni jambo la kawaida dunia nzima. Injini za MGB za familia ya B, cc 1798, zinafanana kwa nje, ukiua moja unatia nyingine. Alteneta nayo watu huiweka makusudi kwa sababu dainamo haiwezi taa na redio pamoja. Hayo mawili hayathibitishi kukatwa.

Atazame eksoli ya nyuma. Karibu kila gari la wazi la GHN3 lina difu ya mviringo laini kwa nyuma, haina mfuniko wa bolti. Ya toleo la pili ina mfuniko uliofungwa bolti kuzunguka. Watu hawabadilishi eksoli nzima kirahisi. Na handaki la gia boksi: toleo la pili lilipata gia boksi kubwa yenye gia ya kwanza laini, kwa hiyo handaki lake ni pana zaidi. Handaki ni bodi, halidanganyi.

#14 Mwana_Nai
Niko Nairobi, nafuatilia. Hapa ikikamilika utapata macho ya watu. Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse magari kama hayo yanakuja kwa foleni. Ila usidhani utavuka Malaba uiuze Kenya kirahisi, sheria yetu ya kuingiza gari ni miaka minane. Uliza kwanza.

#15 Bi_Mirathi
Na Uganda tangu 2018 gari lenye miaka 15 au zaidi haliingizwi. Kwa hiyo hilo lililokwisha sajiliwa ndani ya nchi lina thamani ambayo halingekuwa nayo zamani. Thamani hiyo iko kwenye karatasi, si kwenye chuma. Kijana, logibuku ina jina la nani?

#16 Kijana_wa_Walukuba
Dada, ndiyo nilitaka kuificha hiyo 😅 Ina jina la Muhindi. Si la marehemu. Mama anasema mumewe alinunua 1972 mwenye gari akiondoka, wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari. Karatasi haionekani.

#17 Bi_Mirathi
Basi una matatizo mawili. La kwanza, marehemu hakuwahi kulihamisha, kwa hiyo nenda kwanza usajili wa magari ukaulize namba hiyo ina hali gani kwenye kumbukumbu zao kabla hujatoa hata shilingi ya mafuta. La pili, hata kama lingekuwa lake, mali ya marehemu haiuzwi kwa sababu mjane amekubali. Mahakama hutoa hati ya usimamizi wa mirathi, na aliyepewa hati ndiye anayeuza. Huyo kijana anayenong'ona getini ana ndugu wangapi? Siku utakapolipaka rangi ndipo watakapojitokeza wote.

#18 Boda_wa_Mbiko
Nnyabo umemaliza. Mzee wangu aliponunua pikipiki ya marehemu, walikuja watoto wa mke wa pili kutoka Kamuli na panga.

#19 Chuma_Chakavu
Nilisema kimbia, mkanicheka.

#20 MzeeSpana
Karatasi azifuate, sawa. Turudi kwenye chuma. Kijana, Jumamosi nenda na jeki, sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa isikwangue rangi, bisibisi, tochi na nguo za kuchafuka.

Chini ya kizingiti, katikati ya kila upande, kuna tundu la mraba la jeki ya kiwandani. Weka jeki hapo pole pole na mlango ukiwa umefungwa, mtu mwingine atazame mwanya. Gari zima litanyanyuka na mwanya utabaki vile vile, au mwanya utaendelea kubana kabla gurudumu halijaacha ardhi. Ukibana, hakuna kizingiti pale, kuna rangi. Tundu likianza kuzama ndani, shusha haraka.

Kisha sumaku. Ipitishe kwenye kizingiti chote, kwenye kona ya bodi iliyo nyuma ya mlango chini, na juu ya mabawa ya mbele karibu na taa ambako tope hukaa. Isiposhika, hapo ni puti. Halafu lala chini, piga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Angalia vishikio vya springi za nyuma na masanduku mawili ya betri nyuma ya viti. Gari la miaka hiyo lilibeba betri mbili za volti 6, asidi ikimwagika inakula sakafu kutokea juu huku maji yakila kutokea chini.

#21 DadaGereji
Na rimu za spoki: jeki ikiwa juu, mtu akanyage breki, wewe shika gurudumu ulizungushe mbele na nyuma. Ukisikia "klak", meno ya habu yamelika. Kununua rimu mpya bila habu ni kutupa pesa.

#22 Sakina_Fundi
Kuhusu injini iliyokwama, jamani asithubutu kuivuta kwa kamba wala kupiga stata. Toa plagi nne, mimina mafuta ya gia otomati yaliyochanganywa na asetoni kila silinda, acha wiki. Kisha spana kwenye nati ya mbele ya kranki, mbele kidogo, nyuma kidogo.

#23 MzeeSpana
Asetoni inapotea hewani kabla haijafika kwenye ringi. Dizeli tupu, kila jioni kijiko.

#24 Sakina_Fundi
Mzee, dizeli yako haipenyi. Nimefungua injini ngapi mimi.

#25 Pwani_Mtu
Yote mawili yanafanya kazi, yote mawili yanashindwa. Kama valvu imekwama wazi, au maji yaliingia silindani kwa gasketi iliyochoka, mtamimina hadi pipa liishe. Afungue mfuniko wa valvu kwanza. Silinda hedi ya injini hii ni chuma kizito, hainyongeki kama aluminiamu, ikitoka inatengenezwa popote. Akiitoa aweke viti vigumu vya valvu, maana petroli yenye risasi ilikwisha Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006 na injini hii ilitengenezwa kwa petroli ile.

#26 Boda_wa_Mbiko
Kwani shida ya nini? Toa hilo zee, tia injini ya Kikumi, ile Corolla. Inawaka asubuhi, spea soko la Kisekka, mafuta kidogo. Nani atajua?

#27 Mwalimu_TR
Astaghfirullah.

#28 Pwani_Mtu
Mnunuzi atajua. Gari hili thamani yake ni kuwa MGB. Ukitia injini ya Corolla unapata Corolla inayovuja mvua.

#29 Boda_wa_Mbiko
Lakini inayotembea 😂

#30 Afande_Mstaafu
Nisikilizeni kuhusu spana. Kila bolti ya gari hilo ni ya inchi. Fundi wa Ndeeba atakuja na kumi na mbili na kumi na tatu za Toyota, atalazimisha, kona za nati zitaisha, kisha ataleta patasi. Nusu ya magari ya Kiingereza nchi hii yaliuawa na spana ya milimita. Nina seti nzima ya inchi tangu Land Rover za jeshi.

#31 Mtu_wa_Malaba
Afande, hiyo seti ni yako au ya jeshi?

#32 Afande_Mstaafu
Uliza swali lingine.

#33 Kijana_wa_Walukuba
MREJESHO. Nimetoka huko, naandika kwa mpangilio niliokumbuka.

Bawaba: zinacheza. Si sana, lakini nikinyanyua mlango unapanda, na mwanya wa juu unafunguka kidogo. Dada alisema.

Jeki: upande wa dereva, mwanya ulibana zaidi kidogo kabla gurudumu halijanyanyuka. Mzee alisema. Lakini upande wa abiria nao ulibana kidogo, na mlango wake uko sawa! Sumaku inateleza sehemu ya mbele ya kizingiti cha dereva, sehemu ya nyuma inashika. Upande wa abiria inashika kote.

Difu ina mfuniko wa bolti. Sikuona mstari wa kuchomelea unaokatiza sakafu. Handaki sijui ni pana au jembamba kwa kuwa sina la kulinganisha, picha nimemtumia Pwani_Mtu. Vitasa vya nje ni vya kubonyeza. Rimu mbili zinapiga "klak".

Na hili sikulitegemea: nimefungua kava la ndani la mlango wa dereva. Ndani ni nyeupe. Si kijani, si nyekundu. Nje juu, karibu na ile pembe ya kioo kidogo, kuna ufa wa kama urefu wa kidole kwenye bati.

#34 Boda_wa_Mbiko
Sasa tuna magari matatu.

#35 Mkaka_wa_Entebbe
Huo ufa unaeleza kila kitu: ajali. Gari liligongwa ubavuni, mlango ukatolewa ukatiwa mwingine, sakafu ikatiwa kiraka, nguzo haikunyooshwa. Ndiyo sababu ni upande mmoja.

#36 MzeeSpana
Ufa ule hauelezi ajali. Ni ugonjwa wa kuzaliwa wa milango ya MGB, kioo kidogo kinavuta bati kila mlango unapogongwa. Hata mlango wa gari ambalo halijawahi kuguswa unapasuka pale pale.

#37 Mkaka_wa_Entebbe
Sawa kwa ufa. Na weupe? Nani anabadilisha mlango mzima kwa raha zake?

#38 DadaGereji
Mlango ulioza, ukabadilishwa, basi. Na hapo ndipo penye jibu: mlango wa gari jingine na bawaba za gari jingine, hakuna aliyeupanga. Milango ya magari haya ilirekebishwa kwa mkono kiwandani, huokoti mmoja ukauvisha ukakaa. Kibao chembamba nyuma ya bawaba na pini mpya, mwanya unarudi. Ameona mwenyewe kwamba unafunguka akiunyanyua.

#39 MzeeSpana
Umefunguka "kidogo". Na jeki imebana "kidogo". Nyote mnachukua kidogo chenu mnaacha cha mwenzenu. Sumaku inateleza mbele, puti hiyo inafunika nini? Mimi nasema kizingiti kilishachomelewa, tena vibaya: walilinyanyua gari mbele na nyuma, katikati pakaning'inia, wakachomelea hivyo hivyo. Bodi imeganda ikiwa imepinda. Kizingiti kinaweza kuwa kizima leo na mlango usifunge milele. Kazi hiyo hufanywa gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake au limetegemezwa sawasawa, na milango imefungwa ili mwanya uwe kipimo.

#40 Pwani_Mtu
Picha ya handaki nimeiona. Kwa jinsi lilivyokaa karibu na viti naona ni pana. Handaki pana, difu ya mfuniko, injini ya 18V, alteneta: kwa hesabu yangu gari zima ni la 1971 au 1972, na kibati cha GHN3 ndicho kigeni. Kibati kile kinabanduka kwa bisibisi.

#41 Afande_Mstaafu
Yaani unakubaliana nami.

#42 Pwani_Mtu
Hapana afande. Wewe unasema magari mawili yalikatwa. Mimi nasema gari moja lilivaa kibati cha jingine, pengine lenye karatasi lilipogongwa na lisilo na karatasi likabaki. Miaka hiyo karatasi ilikuwa ngumu kuliko gari.

#43 Bi_Mirathi
Na hilo kwangu ni baya kuliko kutu. Kama namba ya kibati si ya gari lililoshikwa mkononi, siku ya ukaguzi utaeleza nini? Alama nyingine zipo?

#44 Pwani_Mtu
Namba ya injini iko kwenye injini. Kule Gaydon, Uingereza, British Motor Museum wanatoa hati kutoka vitabu vya kiwanda: unawapa namba ya chasisi, wanakuambia tarehe ya kutengenezwa, rangi, namba ya injini ya kwanza na lilipelekwa wapi. Kama hati itasema GHN3 ile ilitoka kijani ikaja Afrika Mashariki, nadharia yangu itayumba, maana hii nayo ni kijani. Ikisema nyeupe, mwenzetu afunge safari.

#45 DadaGereji
Ikisema nyeupe maana yake mlango ndio gari halisi 😂😂

#46 Mwana_Nai
Huu uzi ni mtamu kuliko Safari Rally ya 1965 MGB iliposhinda.

#47 Afande_Mstaafu
MGB haikushinda Safari hata siku moja. 1965 alishinda Joginder Singh na Volvo PV544. 1964 ilikuwa Ford Cortina, hilo angalau la Uingereza. Wakati ule njia ilipita Uganda na tulijipanga barabarani tangu usiku. Na kijana aliyezaliwa Kampala, Shekhar Mehta, alishinda 1973 akiwa na Datsun 240Z, mwaka mmoja baada ya Waasia kufukuzwa. Baadaye akashinda nne mfululizo kuanzia 1979.

#48 Mwana_Nai
Asante afande, nimenyooshwa.

#49 Kijana_wa_Walukuba
Wakuu, nimezungumza na mama. Hati ya mirathi hana, ila familia imekubali kwenda mahakamani kama nitalipia gharama zikatwe kwenye bei. Kuhusu bei nimemwambia sitazidi milioni 9, kwa kuwa ndani yake kuna vizingiti viwili, habu, injini ambayo haijafunguliwa na kibati kisichoeleweka. Amenitazama tu, akaniongezea chai. Hati ya Gaydon nitaomba kabla ya kulipa.

#50 MzeeSpana
9 ni nyingi kama Pwani_Mtu yuko sahihi, ni rahisi kama DadaGereji yuko sahihi.

#51 DadaGereji
Niko sahihi.

#52 Mkaka_wa_Entebbe
Bado nasema ajali. Ondoeni puti mtaona nguzo.

#53 Afande_Mstaafu
Kijana, ukinunua, seti ya inchi nakuazima. Unaacha kitambulisho na laki mbili, na hairudi na oili. Nipo Bugembe, ukifika uliza kwa afande wa Land Rover.

#54 Kijana_wa_Walukuba
Asante sana mzee, nakuja na dizeli na asetoni, mtaamua wenyewe.

#55 Mtu_wa_Malaba
Samahani kuingilia. Kuna anayejua silinda hedi ya Peugeot 404 inapatikana wapi? Pikapu ya mjomba inachemsha tangu Pasaka.

#56 DadaGereji
Ina chasisi? 😂 Fungua uzi wako, weka na picha ya rejeta.